Dereva aliyeamka na pombe: miaka yangu tisa kwenye daladala (uzi mrefu kidogo)

Suka wa Zamani

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu, leo nauacha hivyo hivyo. Mwenye haraka apite tu.

Wiki iliyopita nilipanda Coaster ya Mbagala saa moja kasoro asubuhi. Tulipofika Mtongani trafiki wakatusimamisha, wakampulizisha suka (dereva) kipima ulevi. Mashine ikalia. Abiria wakaanza: "Mshusheni mlevi huyo!" "Alikuwa anatupeleka kuzimu!" Yule suka ni mtu mzima, kichwa kina mvi, akawa anaapa kwa watoto wake: "Afande, leo sijagusa hata tone." Gari zima likacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua anasema kweli. Leo hakugusa. Aligusa jana usiku, akalala kwa saa tatu tu, akaamka nayo.

Nimeendesha daladala kuanzia 2009 hadi 2018, muda mwingi Mbagala–Kariakoo. Ile miaka minne kabla sijatibiwa sidhani kama kuna asubuhi nilishika usukani damu ikiwa safi, na hakuna aliyenikamata hata siku moja. Sinywi tena. Sasa hivi nasambaza mikate kwa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, huku Temeke. Mshahara mdogo, lakini nalala.

Siku yetu ilikuwa hivi. Saa tisa usiku simu inalia. Saa tisa na nusu uko yadi, unaangalia maji na oili, unagonga tairi kwa spana. Saa kumi na robo tripu ya kwanza, unabeba mama wa samaki wanaowahi soko la Feri na walinzi wanaotoka lindo. Hapo ni kupiga tripu mpaka saa nne usiku, mvua ikinyesha saa tano. Hesabu ya tajiri, yaani hela unayompelekea mwenye gari kila siku, ilikuwa elfu tisini. Nje ya hesabu kuna mafuta, kuna konda, kuna wapiga debe, kuna kuosha gari, kuna "salamu" za barabarani, na ukiandikiwa kosa ni elfu thelathini ya kwako. Nauli wakati ule mia nne, mwanafunzi mia mbili. Pigeni wenyewe: hesabu peke yake, kabla hujaweka hata lita moja ya dizeli, ni watu wazima 225. Ndiyo maana mwanafunzi anaachwa kituoni. Ndiyo maana suka anatanua pembeni ya barabara saa mbili asubuhi, kashaanza kuikimbiza hesabu ya saa nne usiku.

Na hesabu isipotimia haifutwi, inalala. Kesho unaamka unadaiwa tisini na kumi na tano ya jana. Gari likiharibika uko nyumbani bila senti, na ndipo unapoingia kwenye mikopo kausha damu. Kuhusu mkataba, mnakumbuka Aprili 10, 2015 madereva tuligoma nchi nzima. Tulikuwa na vilio viwili vikubwa: kurudishwa chuo kila unapohuisha leseni, na mikataba ya ajira. La chuo lilijibiwa. La mkataba sikuwahi kuliona likiingia yadi yetu.

Sasa umefunga hesabu, saa nne na nusu usiku. Masikioni bado kuna honi. Nyumbani Charambe ni chumba kimoja, mke na watoto watatu wamelala, ukiwasha taa unawaamsha. Unakwenda wapi? Grosari iliyo jirani na yadi, na masuka wote wako pale. Nilianza na bia mbili za kupoza mwili. Baadaye viroba, vile vifuko vya pombe kali, kwa sababu ni bei ndogo na vinakaa mfuko wa shati. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 1, 2017 watu walishangilia, sisi tukahamia kwenye bapa, kichupa bapa cha pombe kali. Asubuhi supu ya kuzimulia uchovu wa pombe. Wenzangu wengine walizimua kwa kilevi chenyewe, funda moja, ili mkono utulie kwenye gia.

Ngoja nipate ugali, nakuja na yaliyonikuta 2016.

Chai ya Rangi

Mkuu hii chai, ungeongeza tangawizi. Madereva wa daladala ni wahuni tangu enzi za vipanya, hakuna cha hesabu wala nini. Mbona kuna walokole wanapeleka hesabu hiyo hiyo na hawanywi?

Mama Wawili

Tiririka kaka. Nimeolewa na suka, yote uliyoandika nayajua kwa harufu.

Deiwaka

Ha ha ha, suka anatoa siri za kambi. Bapa limetajwa, nani tena atatupakia wateja? Nipo paleee, nasubiri sehemu ya pili na karanga zangu.

Suka wa Zamani

@Chai ya Rangi walokole wapo, mmoja ni rafiki yangu mpaka leo na hajawahi kuonja. Yeye alikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: Jumapili gari anaendesha deiwaka (suka wa kushikia siku moja moja), yeye yuko kanisani kutwa na analala mchana. Usilidharau hilo la kulala.

Tuendelee. Oktoba 2016, Ijumaa, kasoro kidogo saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Nilikuwa nimeacha kunywa saa sita na nusu usiku. Natoka Rangi Tatu, gari limeshajaa, nafukuzana na mwenzangu wa mbele ili niwahi abiria wa kituo kinachofuata. Kulikuwa na mzee anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji, upande wangu, hana taa wala chochote kinachong'aa. Mtu mwenye macho mazima angemwona mita hamsini. Mimi nilimwona nilipomfikia.

Nilikanyaga breki mguu ukachelewa. Sijui niwaelezeje huko kuchelewa: akili imeshasema "breki" na mguu bado unafikiria. Nikasikia mbao, halafu madumu. Madumu matupu ya njano yalidunda barabarani moja moja, yakatangulia mbele ya taa zangu kama watoto wanaokimbia. Mpaka leo jirani akidondosha dumu uani nasimama.

Mzee hakufa. Alivunjika paja na nyonga. Konda wangu, kijana wa miaka ishirini na mbili, ndiye aliyeshuka akabaki naye na kumtafutia bajaji. Mimi nilikwenda na gari na abiria wangu moja kwa moja mpaka kituo cha polisi, kwa sababu ningesimama pale wananchi wangenimaliza. Wakaandika maelezo, wakachora ramani ya ajali, wakapima matairi yalivyoburuta. Mimi sikupimwa. Nilijibana nikiongea na afande, nikaziba mdomo kwa mkono kama mtu mwenye kikohozi. Sina fahari na hilo.

Yaliyofuata kisheria nayaacha, mzee ana ndugu na wanasoma. Niseme hili tu: nilimpelekea unga, sukari na mchele mara mbili. Mara ya pili nilimkuta amekaa mlangoni, mguu umenyooshwa, mjukuu wake ndiye anasukuma mkokoteni. Mara ya tatu nilifika kona ya nyumba yake nikageuza.

Abiria wa Dirishani

Nimesoma yote na sina huruma hata punje, unisamehe. Dada yangu alikufa kwenye daladala lililokuwa linatanua. Aliacha mtoto wa miezi saba. Dereva alikimbia, akarudi baada ya siku tatu na wakili. Leo mnakuja na hesabu, usingizi, chumba kimoja. Mama yangu naye anaishi chumba kimoja na hajaua mtu. Ulimvunja mzee wa watu nyonga ukaziba mdomo kwa mkono, halafu unataka tukupe pole?

Suka wa Zamani

Dada yangu, pole na msiba. Sikuja kuomba pole, na unachosema ndicho ninachojiambia mwenyewe. Ningekuwa mimi ndiye ndugu wa yule mzee ningeandika hivyo hivyo. Kilichonileta ni kwamba asubuhi hii kuna watu wanafanya kile kile nilichokuwa nafanya, na wenyewe wanaamini kwa dhati kwamba hawajalewa. Unaweza kumkamata anayejua amelewa. Huyu mwingine anakuapia kwa watoto wake.

Nesi wa Zamu

Hapo naomba niingie, niko wodi ya majeruhi na haya tunayaona.

Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Ini la mtu mzima linasafisha gramu saba mpaka kumi kwa saa, wengine kidogo zaidi. Kwa hiyo chupa moja inahitaji saa mbili mpaka tatu. Aliyekunywa tano kuanzia saa tatu mpaka saa sita usiku, ikifika saa kumi alfajiri chupa mbili hivi bado zinatembea kwenye damu. Mwanamume wa kilo 70 hapo yuko jirani kabisa na miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, kikomo ambacho sheria yetu ya usalama barabarani ya 1973 inamwekea dereva wa kawaida. WHO inashauri kikomo kiwe 50.

Kahawa, supu ya pweza, kuoga maji baridi, kukimbia mchakamchaka, ndimu: hakuna hata kimoja kinacholiharakisha ini. Vinakuamsha tu, yaani unakuwa mlevi aliye macho.

Halafu jumlisha usingizi. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaitikia mambo taratibu kama mwenye miligramu 50, hata kama ni mwalimu wa madrasa. Suka anayeamka saa tisa usiku anafika hapo saa mbili jioni, na bado ana tripu tatu.

Ule mguu uliochelewa una maelezo yake. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja, umeshampita mzee na mkokoteni wake.

Chai ya Rangi

Nesi umenimaliza na hiyo ya supu ya pweza. Nimeishi kwenye uongo miaka yote.

Coaster Mbili

Mimi ndiye tajiri mnayemsema, tuongee. Nina Coaster mbili, zote za mkopo. Benki haiulizi kama kulikuwa na foleni au mvua, tarehe 28 inataka chake. Bima, LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), tairi sita, springi kila baada ya wiki kadhaa kwa barabara zetu za ndani. Mwaka juzi nikasema nifanye kistaarabu, nikawalipa madereva mshahara wa mwezi bila hesabu. Mwezi wa kwanza mapato yakashuka karibu nusu. Gari linaonekana limepaki chini ya mwembe saa nane mchana, nikipiga simu: "Bosi kuna foleni." Nikarudi kwenye hesabu. Nipeni njia nyingine, lakini msinifanye shetani.

Suka wa Zamani

Tajiri sikukatalii, chini ya ule mwembe nimelala sana. Ila jiulize alikuwa anafanya nini pale. Alikuwa analala! Miaka yote mwili unadai usingizi, ukimpa nafasi siku ya kwanza anaulipa. Ungevumilia miezi mitatu huenda ungeona mengine. Au ungeweka suka wawili, mmoja mpaka saa saba mchana, mwingine mpaka saa nne, hesabu wagawane. Nimewaona watu wawili pale Tandika wanakwenda hivyo, na gari lao haliingii gereji kila wiki kama letu.

Mtu wa Rongai

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnasema hesabu ya tajiri, sisi tunasema ya boss, lakini maumivu ni yale yale. Huku tulikuwa na sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda, sare, na watu husahau kwamba ziliagiza pia dereva na kondakta waajiriwe kwa kudumu. Mikanda na mstari wa njano ubavuni mwa matatu vilionekana haraka. Kuajiriwa je? Uliza makanga yeyote hapa stage atakucheka.

Baadaye Alcoblow, kipima ulevi cha polisi wa huku, ilikuja, Desemba 2013. Ijumaa usiku kila mtu alikuwa anajua iko barabara gani, kwa sababu watu walikuwa wanatumiana ujumbe. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikazipiga chini kanuni zake. Na ilikuwa inawekwa usiku, kushika watu wanaotoka kwa baa. Dereva wa matatu wa saa kumi na moja asubuhi hakuna aliyekuwa anamwuliza kitu. Huyo ndiye ndugu yetu anamwongelea hapa.

Usiku Mrefu

Mimi ni wa mabasi ya mikoani, kwa hiyo naongea kidogo kisha narudi kulala. Huku kwetu kuna VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, ukizidisha mwendo inapiga kelele abiria wote wanasikia, na safari ikizidi muda wa saa nane lazima muwe wawili. Tangu tulivyoruhusiwa kusafiri usiku Oktoba 2023 tatizo kubwa ni hilo la usiku kugeuka mchana. Wapo wanaokula mirungi wakeshe, wakifika hawawezi kulala, wanakunywa ili mirungi ishuke, jioni wanaanza upya. Kimoja cha kupanda, kingine cha kushuka. Na yule dereva wa pili anatakiwa alale wakati mwenzake anaendesha, lakini nani anapata usingizi pale nyuma kwenye kelele na matuta? Anashuka amechoka kuliko aliyekuwa kwenye usukani.

Mama Wawili

Kaka, umesema ya barabarani. Ya kichwani je? Maana wangu hapigi mtu, hatukani. Anakaa tu. Anarudi anakaa kitandani na viatu.

Suka wa Zamani

Dada umenishika pale nilipokuwa naparuka.

Baada ya yule mzee nilidhani nitakunywa wiki moja yapite. Wiki ikawa miezi. Kwanza chakula kikakosa ladha, mke wangu akawa ananipikia samaki wa nazi nakula kama nakula karatasi. Halafu usingizi. Hata nikilewa chakari saa nane usiku macho yako wazi, naangalia bati. Mimi ni Simba damu, lakini siku ya mechi na Yanga nilikuwa nimelala chali chumbani nasikia watu wanashangilia nje, na sikutaka hata kujua nani kafunga. Konda akikosea chenji kidogo namrukia kama nataka kumla. Nikashindwa kukumbuka vitu: napita kituo, abiria wanagonga bati "shusha, shusha!", nami nasikia kwa mbali.

Nilikuwa naendesha vibaya kuliko wakati wowote, na nataka hapa mnielewe, hasa dada wa dirishani. Zamani nilikuwa natanua kwa sababu nataka hela. Wakati huu nilitanua kwa sababu sikujali. Hizo ni aina mbili za dereva mbaya. Wa kwanza ukimwambia "suka angalia watoto wako" anapunguza mwendo. Wa pili hilo neno halimfikii.

Siku moja jioni, Machi 2017, lori la semi lilikuwa linakuja kwa upande wake, nami nimetoka kuovateki niko upande usio wangu. Nafasi ya kurudi ilikuwepo, kubwa tu. Mkono ukasita. Hakuna nilichoamua, mkono ulisita tu, kukawa kimya kichwani, kama mtu aliyekaa mahali pa kupumzika. Nilikuwa na watu zaidi ya arobaini. Konda akapiga kelele akilitaja jina la mwanangu wa mwisho. Sijui kwa nini alichagua jina lile. Nikarudisha gari.

Hatukuongea mpaka kituo cha mwisho. Usiku ule, nikiwa naoga yadi, yule kijana akachukua funguo akaondoka nazo. Asubuhi nafika, hayupo, simu haipokei. Saa mbili akanipigia: "Kaka, nimempigia shemeji. Yuko njiani na wewe mnakwenda hospitali. Hesabu ya leo nimemwambia tajiri gari lina tatizo la breki." Niliporomosha matusi sijawahi kuyatoa maisha yangu yote. Huyo dogo leo ana bajaji yake na ni mjomba wa watoto wangu, bila damu.

Hospitali nilisema naumwa tumbo. Tabibu alikuwa kijana, nadhani hata thelathini hajafika. Akaminya tumbo, akanitazama mikono, akauliza, "Mzee, kwa wiki mbili zilizopita, siku ngapi umekosa hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda?" Maswali tisa ya namna hiyo: usingizi, chakula, uchovu, kujiona huna maana, kushindwa kutulia. La tisa linauliza kama umewahi kufikiri bora usingekuwepo. Hapo nikalia mbele ya mke wangu, mara ya kwanza tangu tuoane. Akasema kuna ugonjwa unaitwa sonona. Mimi nilikuwa najua "mawazo" tu, na nilikuwa najua Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kwamba ukitajwa kichwa unapelekwa Dodoma umefungwa kamba. Akacheka: "Hakuna anayekupeleka Dodoma. Utarudi nyumbani kwako na dawa, na utakuja hapa kila wiki tuongee."

Nesi wa Zamu

Nashukuru umeyasema. Niongeze kwa ajili ya wanaosoma kimya kimya.

Sonona kwa wanaume wengi haiji na machozi. Inakuja na hasira, pombe, na kutojali hatari. Nyumbani watasema "siku hizi amekuwa mkali." Na pombe yenyewe inaishusha akili na kuuharibu usingizi, kwa hiyo unayemeza ili ujisahau kesho unaamka umeshuka zaidi, unaongeza kipimo.

Kwa wanywaji wa kila siku: msiache ghafla peke yenu chumbani. Mwili uliozoea ukinyimwa unaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege, hasa siku tatu za mwanzo. Watu wanakufa kwa hilo. Njoo hospitali upewe dawa za kukushusha taratibu na vitamini.

Mwambie daktari kazi yako. Kuna dawa za sonona zinazoleta usingizi mzito, amitriptilini ni mojawapo, suka akipewa hiyo bila kuulizwa tumehamisha tatizo. Kuna nyingine zisizolaza. Na zote zinachukua wiki mbili mpaka nne kabla hujaona tofauti, usizitupe siku ya tano.

Ukiwa na fikra kama zile za kwenye semi, usisubiri miadi. Nenda dharura siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize. Aliyekuwa karibu naye asimwache peke yake, funguo zichukuliwe. Yule konda alifanya sawasawa kabisa.

Suka wa Zamani

Nilijaribu kuacha mwenyewe kabla ya hapo, nesi. Siku ya pili kikombe cha chai kilinishinda, mke alininywesha kama mtoto. Ningejua!

Kwangu ilichukua karibu mwaka. Nimeanguka mara mbili katikati. Tajiri wangu alinisubiri wiki tatu kisha akampa gari mtu mwingine, simlaumu. Nilirudi barabarani kidogo 2018 nikaona siwezi kukaa ile yadi bila kupita grosari, njia ni moja. Nikaacha.

Kwa yule mzee nimerudi. Nilikwenda mwaka jana na konda. Alinitazama sana, akasema, "Wewe ndiye wa sukari." Tulikaa. Anatembea na fimbo.

Abiria wa Dirishani

Bado nina hasira. Lakini hiyo ya aina mbili za dereva nimeisoma mara tatu. Yule wetu sijui alikuwa wa aina gani, hakuna aliyemwuliza.

Coaster Mbili

Swali kwa nesi. Nikinunua kipima ulevi changu mwenyewe nikakiweka yadi, saa kumi alfajiri kila dereva apulize kabla hajapewa funguo, ni sawa?

Nesi wa Zamu

Ni sawa, ila amua kwanza utamfanya nini atakayelia. Ukimfukuza, kesho wote watatafuta namna ya kukikwepa. Kama asubuhi hiyo atalala, deiwaka akashika gari, na deni la hesabu lisilale juu yake, watakuja wenyewe kupuliza.

Mama Wawili

Wangu kasoma uzi huu kwenye simu yangu. Hajasema kitu. Ila kavua viatu.

Deiwaka

(saa nane usiku)

Nilicheka huko juu, mnisamehe. Suka wa Zamani, kama uko macho. Ukifika pale mapokezi unasema unaumwa nini? Foleni imejaa na nusu yao ni abiria wangu.

Suka wa Zamani

Niko macho, tanuri linafunguliwa saa tisa. Mapokezi sema hulali, basi, hawahitaji zaidi. Mlango ukishafungwa kwa daktari ndiyo uyatoe yote. Na akikuuliza unakunywa kiasi gani, usipunguze. Mimi nilisema "bia mbili tatu" akaniangalia mikono.

Deiwaka

Bapa moja na nusu. Kila siku. Sijawahi kuliandika mahali.

Kesho sina gari, mwenyewe karudi kutoka msibani.

Suka wa Zamani

Namaliza mikate saa tatu. Nitakuwa getini kwa nje, kirikuu nyeupe, kioo cha kushoto kimefungwa na kamba. Usizimue asubuhi kwa kunificha. Ukitetemeka njoo unatetemeka.

Deiwaka

Sawa kaka.